Kidole, Bi Ngazi na Mwandishi wa Tatu

Jumapili, 3 Machi

Nimegombana na Baba. Tena kwa sababu ileile — Kidole na Bi Ngazi. Mtu mzima nina miaka arobaini na mbili, nafundisha watu kuendesha gari, halafu nagombana na baba yangu juu ya wapelelezi wawili ambao hawajawahi kuzaliwa!

Anasema Kidole wangu ana roho ya jiwe. Nikamwambia Bi Ngazi wake ana mdomo wa cherehani, haukati uzi. Akacheka mpaka akapaliwa. Kaka akamletea maji.

Chanzo ni maktaba. Klabu yetu ya wapenzi wa hadithi za upelelezi imepanga mdahalo Jumamosi ya tarehe 16. Mimi nimtetee Kidole, Baba amtetee Bi Ngazi. Mkutubi ndiye aliyebuni. Eti haijapata kutokea baba na binti wapambane mbele za watu. Baba kakubali kabla sijafungua mdomo, na keshaanza kuchagua suti. Alikuwa fundi nguo, na bado ni fundi. Ameishiwa macho tu.

Mwaka wa nne huu haoni. Kiza kilianza jicho la kulia, kikahamia la kushoto. Kaka ndiye aliyempeleka kliniki ya macho, akarudi na jibu: hakuna la kufanya, ndiyo basi. Tangu siku hiyo anaishi naye, anampikia, anamfulia, na kila jioni anamsomea. Baba hamwiti jina wala mwanangu. Anamwita Msomaji. "Msomaji, leo tuna nini?" Mimi naenda Jumapili, nakula, nabishana, naondoka.

Leo ili nione utu wa Bi Ngazi, kanisimulia mwisho wa kile kitabu cha mzee aliyepooza ghorofani. Aliyemuua ni muuza sabuni mpita njia. Anakiri, anaomba maji, ananawa uso, anapanda basi — na Bi Ngazi anamwacha aende zake! Nikasema huo si upelelezi, hiyo ni sadaka.

Jumatatu, 4 Machi

Mwanafunzi wangu, yule mama wa benki, kapanda ukingo wa barabara mara mbili leo. Shukuru gari letu lina breki ya pili upande wa mwalimu. Mguu unaniuma kwa kuokoa maisha ya watu wasio na habari kama wameokolewa.

Jioni nimeanza kujiandaa kwa mdahalo. Niyapange hapa.

Mwandishi wa Kidole mimi namwita Mchoyo. Sentensi yake haizidi maneno sita. Hasemi kuta zina rangi gani wala watu wamevaa nini. Mvua kainyesha mara moja tu katika vitabu vyote, na aliyelowa ndiye aliyeua! Kidole mwenyewe alikuwa karani wa vifurushi. Haulizi mtu swali. Anagusa — kitasa bado kina joto, fundo la kamba limefungwa na mtu wa mkono wa kushoto. Na mwisho wa kitabu ni ukurasa mmoja. Kidole anasema neno lake, anavaa kofia, kwaheri. Ukibaki umekodoa macho, shauri yako.

Mwandishi wa Bi Ngazi namwita Mama Mapambo. Huyu anaanza sentensi sebuleni, anaimalizia chooni. Mapazia peke yake kurasa mbili! Bi Ngazi ni mjane mwenye nyumba ya kupangisha. Miguu inamvimba, kwa hiyo anakaa kwenye ngazi ya chini ameiloweka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Wapangaji wanapita, wanaketi, wanamwaga siri. Nani atamwogopa mtu mwenye miguu kwenye beseni? Mwishoni anawakusanya wote, anahutubia sura nzima, mkosaji anamtukana, naye anarudisha tusi kwa riba.

Sijawahi kumaliza hata kimoja cha Mama Mapambo. Lakini huwezi kupigana na usiyemjua. Nimeazima viwili: kile cha mzee aliyepooza, na kile cha daktari wa meno.

Jumatano, 6 Machi

Mungu wangu.

Nimemaliza cha mzee aliyepooza. Aliyemuua si muuza sabuni! Muuza sabuni yumo, ndiyo — ukurasa mmoja, anauza vipande viwili, anaondoka na harudi tena. Aliyeua ni mpwa wa huyo mzee. Yule binti mpole aliyekuwa akimlisha kwa kijiko. Bi Ngazi kamhutubia sura nzima, binti akamtemea mate. Hakuna maji ya kunawa. Hakuna basi.

Nikampigia Baba simu. Nikajifanya sijasoma. Baba, hebu nikumbushe, nani yule...? Akajibu bila kusita: "Muuza sabuni. Kwani umeshaanza kuzeeka kabla yangu?"

Nimeketi kitandani na simu mkononi. Macho yameondoka. Sasa na akili? Nimelia, sijui kama nina haki ya kulia mapema hivi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoka kazini moja kwa moja mpaka kwa Baba. Kumpima akili, bila yeye kujua.

Nikamuuliza vipimo vya suti ya harusi ya mjomba. Kavitaja vyote! Bega, kifua, mkono, na kwamba bega la kushoto la mjomba limeshuka na ilibidi alijaze pamba. Nikamuuliza mwisho wa kile cha daktari wa meno. Kausema sawasawa na kitabu, hata tusi la mwisho la Bi Ngazi. Akili hiyo ni wembe.

Nikafurahi nusu. Kisha nikasema, basi tuje kwa Kidole. *Kengele* kiliishaje?

*Kengele* nakijua kama kiganja changu. Kuna bibi yuko kitandani miaka. Mkwe wake anamtunza, na amemwambia kwamba daktari kakata tamaa, hutatembea tena. Uongo mtupu. Daktari anapokuja mwenyewe kumwona mgonjwa, anauawa mlangoni. Kidole anapitisha mkono nyuma ya kabati, anagusa magongo mapya, bado yana unga wa mbao — daktari aliyaagiza, mkwe akayaficha. Ukurasa wa mwisho una mistari mitatu. Kidole anasogeza kiti. Anamtazama bibi. "Simama," anasema. Kwisha! Mara ya kwanza kusoma niliangusha kikombe.

Baba akasema: aliyemuua daktari ni fundi umeme, kwa ajili ya saa ya mkononi. Fundi akalia sana. Akaomba maji, akanawa uso, akapanda basi.

Nywele zimenisimama! Mchoyo hajawahi kumliza mtu katika kitabu chake. Machozi yanachukua nafasi! Na Mama Mapambo hajawahi kumwachia mtu aende bila kumtukana. Waandishi wawili ambao hata kwenye alama ya mkato hawawezi kupatana — halafu vitabu vyao viishe kwa maji yaleyale na basi lilelile?

Baba hajasahau kitu. Baba anasema alichosomewa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya jambo la aibu. Nimeegesha gari mtaa wa pili, nimeingia kwa lango la nyuma, nimesimama chini ya dirisha la sebule la baba yangu kama mwizi wa kuku. Saa za kusoma. Pazia lilikuwa wazi, maana nani anafunga pazia kwa ajili ya kipofu?

Kaka anasoma kwa sauti zote. Mwanamke mnene, mtoto, polisi mwenye mafua. Baba kafumba macho, anatabasamu, vidole vinachezea kifungo. Kitabu kipya cha Bi Ngazi. Nikaona Kaka anaangalia chini, anasoma, anafungua, anasoma. Kisha — mkono ukatulia juu ya karatasi. Macho yakainuka. Akatazama dari. Na sauti ikaendelea!

Anatunga! Papo hapo, hata hakohoi! Anafungua kurasa kwa wakati wake ili zisikike, lakini hazitazami. Akaniingizia mgeni aliyeshuka stesheni, akamwungamisha, akamwombea maji. Nami nimesimama kwenye ndoo iliyopinduliwa, mdomo wazi, natamani kujua litakalofuata! Hilo ndilo linaloniudhi. Ni mzuri. Ana sentensi ndefu kidogo kuliko za Mchoyo, fupi kuliko za Mama Mapambo, na watu wake wote wanaombana radhi.

Basi waandishi ni watatu.

Jumapili, 10 Machi

Nimembana Kaka jikoni, Baba akiwa bafuni. Nikasema, muuza sabuni hakuua mtu. Sahani ikamponyoka, ikavunjika. Kisha akacheka — kicheko cha jukwaani, nakijua. Akasema Mzee hapendi miisho michungu, anakosa usingizi, basi yeye anapunguza chumvi. Kuna ubaya? Nikasema hakuna. Akasema nisimwambie. Nikaahidi.

Nilirudi nyumbani na furaha. Nikamwona Kaka malaika. Nikiwa naoga ndipo nikaacha maji yamwagike tu.

Ananawa uso. Anapanda basi.

Mimi nililiona hilo. Kwa macho yangu, dirishani, nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alimfundisha Kaka kazi tangu utoto, akampa mkasi wake mwenyewe. Kaka akaenda kujiunga na kikundi cha maigizo. Baba akamwambia mbele ya wateja: "Uso wako sitaki kuuona tena mpaka naingia kaburini." Kaka akatoka nje, akafungua bomba la uani, akanawa uso. Akachukua begi, akapanda basi. Maigizo hayakumpa chochote. Hakukanyaga tena kwetu mpaka Baba alipoanza kupapasa ukuta.

Kumbe kila jioni anamsomea Baba siku ile. Na kila jioni Baba anamsamehe, bila kujua amemsamehe nani.

Jumanne, 12 Machi

Somo la kurudi nyuma leo. Mama wa benki kaniuliza, kwa nini kioo kinaonesha vitu vilipo lakini moyo haukiamini? Nimemwambia aangalie barabara.

Mimi mwenyewe siamini kioo changu. Maana nimeuliza swali jingine: mbona cha daktari wa meno hakubadilisha? Mwisho wake ni mchungu kuliko nyongo! Vipo vingine vichungu, na Baba anavijua vilivyo, neno kwa neno. Kama ni kupunguza chumvi, mbona anapunguza chungu kimoja na kingine anakiacha?

Nimevipanga kitandani, vyote nilivyoweza kuazima. Aliyeua ni mke, hakubadilisha. Jirani, hakubadilisha. Mshirika wa biashara, hakubadilisha. Anabadilisha pale tu mkosaji anapokuwa mtu anayemtunza mgonjwa! Mpwa mwenye kijiko. Mkwe wa *Kengele*. Na hicho cha juzi, nimekisoma leo mchana ndani ya gari: mlezi wa kike wa bwana kiziwi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba amelisema hilo maisha yake yote, akitoa sindano kwenye kola za watu.

Sitaki kufikiri. Nafikiri. Mkwe alimwambia bibi, daktari amekata tamaa. Nani alituambia sisi daktari amekata tamaa? Nani mwingine aliyemsikia?

Keshokutwa sina wanafunzi asubuhi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimetoka kliniki ya macho. Naandika juu ya usukani, mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Njiani nilijiuliza, Kidole angefanyaje? Angegusa nini? Mlango wa kliniki ni mlango tu. Ikabidi nimwige Bi Ngazi, mimi niliyemcheka! Nikakaa kwenye benchi la korido, nikavua viatu, nikaanza kujikanda nyayo. Haikupita muda muuguzi mmoja mnene akaja kuketi, akasema naye zinamuuma. Nikamwambia baba yangu alitibiwa hapa zamani kidogo. Mzee wa suti ya kijivu, hata hospitali anakuja na tai.

Akapiga kofi la paja. "Yule aliyekataa kupasuliwa!"

Nikasema nani?

Akasema wanamkumbuka wote, maana alishona kifungo cha koti la daktari kwa kupapasa akiwa anangoja. Si macho kufa, wala mishipa. Mtoto wa jicho tu! Yote mawili. Ukungu, unaondolewa, mtu anaona. Daktari alitaka kumweleza mwenyewe, lakini mzee akaziba masikio kwa viganja. Akasema habari za mwili wake zipewe huyo aliyemleta, naye atazifikisha. Kijana wake akapewa. Wiki iliyofuata kijana akarudi peke yake, akasema mzee amekataa kisu katakata.

Ndivyo tulivyo nyumbani kwetu. Mama alipougua aliambiwa mjomba. Mjomba alipougua niliambiwa mimi. Mgonjwa ni wa mwisho kujua, na tunaliita hilo huruma! Baba mwenyewe ndiye aliyeziba masikio. Kaka alichofanya ni kuweka neno lake kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Nikauliza, sasa hivi je? Muuguzi akasema madaktari wa upasuaji wapo mpaka mwisho wa mwezi, wakiondoka haijulikani watarudi lini. Na kwamba mtoto wa jicho akiachwa akomae kupita kiasi, jicho lenyewe linaweza kuharibika, na hapo ndipo hakuna la kufanya kweli. Asicheleweshwe, akasema. Tayari amecheleweshwa.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilisahau viatu pale benchini. Nimefika kwenye gari na soksi.

Ijumaa, 15 Machi

Sijalala. Nimeghairi masomo yote.

Nimwambie Baba? Atamfukuza tena, na safari hii Kaka hatakuwa na sababu ya kurudi, maana mtu anayeona hasomewi. Nisimwambie? Basi na mimi nimeficha magongo.

Namchukia Kaka. Nimekumbuka anavyompoozea chai Baba kwa kuimimina vikombe viwili. Namchukia bado.

Jumamosi, 16 Machi

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Chumba cha juu cha maktaba, viti vya plastiki, watu wamejaa mpaka mlangoni. Baba kavaa suti ya bluu aliyoishona mwenyewe. Kaka kamshika mkono mpaka mbele, kamweka, kisha kaenda kukaa safu ya nyuma karibu na mlango. Mimi sikumtazama.

Nikaanza mimi. Nikamtetea Kidole kama roboti. Uchoyo wa maneno ni heshima kwa msomaji, na kadhalika na kadhalika. Walipiga makofi. Sikumbuki nilisema nini kingine.

Baba akasimama na fimbo yake. Akawachekesha. Alisema Kidole ni fundi anayekata kitambaa bila kupima, na bahati tu kwamba wateja wake ni maiti, hawalalamiki kwapa likibana! Bi Ngazi hupima. Anapima mpaka mtu mwenyewe anachoka, anavua nguo zake zote za uongo. Ukumbi ukavunjika mbavu. Kisha akatoa mfano: kile cha mzee aliyepooza. Muuza sabuni, maji, uso, basi.

Watu wakatazamana. Bibi mmoja wa mbele akamnong'oneza mwenzake, ni mpwa, si ni mpwa? Mkutubi akasimama kwa adabu zote, akasema, Mzee wetu, samahani, nadhani umechanganya, aliyeua pale ni mpwa wake. Nikamwona Baba ameaibika mbele za watu, na kosa si lake.

Baba akatabasamu. "Najua," akasema.

Najua! Baba anajua! Nilishika meza.

Akasema — nayaandika nikiyakumbuka vizuri — kwamba yeye ni fundi nguo, na kiraka anakijua hata gizani. Vitabu anavyosomewa vina waandishi watatu. Mmoja mchoyo, mmoja mlimbwende, na wa tatu anashona kwa uzi wake mwenyewe mahali fulani karibu na pindo, kila mara kwa mkono uleule. Mwanzoni alidhani anasikia vibaya. Baadaye akaanza kumngoja. "Na mkiniuliza nani bora kati ya watatu," akasema, "ni huyo wa tatu. Ila kiraka hakiwekwi palipo pazima. Chini yake pametoboka. Sijauliza pametoboka wapi. Naogopa nikiuliza, Msomaji atanyamaza, nami nitabaki na giza bila hadithi."

Watu wakacheka kidogo, hawakuelewa. Wakapiga makofi. Kiti cha Kaka kule nyuma kilikuwa kitupu.

Nilimkuta uani, kwenye bomba la maktaba. Ananawa uso! Wallahi, nilitaka kucheka na kupiga kelele kwa pamoja.

"Kliniki walisema mtoto wa jicho," nikamwambia.

Hakugeuka. Maji yanachuruzika kidevuni. "Umekwenda."

"Nimekwenda. Miaka minne, Kaka! Miaka minne unamtia baba yako gizani!"

"Akiona, ataniona," akasema.

Basi. Maneno mawili, Mchoyo asingeyapunguza. Kisha mengine yakamwagika: kwamba aliambiwa uso wake hautakiwi, na macho yalipozimika alisema Mungu ametupatanisha. Kwamba alipotoka kwa daktari alikusudia kumwambia, jioni ileile, baada ya kusoma. Baba akamwambia, "Msomaji, kesho usichelewe." Ndiyo mara ya kwanza Baba kumwomba arudi. Akasema atamwambia kesho. Kesho hiyo imekuwa hivi. "Sijapata msikilizaji kama yule, mdogo wangu. Hata nilipokuwa jukwaani."

Nikamwambia madaktari wanaondoka mwisho wa mwezi. Nikamwambia mtoto wa jicho akikomaa, jicho litaharibika kabisa. Hilo hakulijua. Niliuona uso wake ulivyobadilika, hakulijua! Akaketi chini kwenye saruji iliyolowa.

Nikamwambia: mwambie wewe. Kesho, kabla sijaondoka kwa Baba. Usipomwambia wewe namwambia mimi.

Tulimrudisha Baba nyumbani. Njia nzima mguu wangu ulikuwa unatafuta breki ya pili.

Jumapili, 17 Machi

Naandika nikiwa jikoni kwa Baba. Daftari kwenye magoti, birika motoni. Siwezi kukaa sebuleni, na mikono ikikosa kazi nitavunja kitu.

Tumekula. Kaka bado hajamwambia. Kaka kamwaga chumvi mezani, mimi nimejikata kidole. Baba alikuwa mchangamfu peke yake, anasimulia mdahalo, anajitangaza mshindi. Baada ya kula kanawa mikono, kaketi kwenye kiti chake, kainua uso kuelekea alipo Kaka.

"Msomaji, leo tuna nini?"

Kaka akaanza kukusanya sahani.

Baba akasema basi leo anachagua yeye. *Kengele*. Nikadhani nimesikia vibaya! Cha Kidole, roho ya jiwe? Akasema ndiyo, kamsikia binti yake jana akimtetea huyo mchoyo kama mtu anayesoma tangazo la msiba, akajiuliza kuna nini. Anataka kukisikia tena. "Na leo nisomee kama kilivyo," akasema. "Viraka sitaki. Nataka nguo yenyewe."

Kaka akanitazama. Nikatazama ukuta. Akaenda kwenye rafu, akarudi na kitabu. Hapo ndipo nilipokimbilia chai.

Anasoma. Nasikia kila neno, kuta za nyumba hii ni karatasi. Haigizi sauti za watu leo. Sentensi za Mchoyo zinaanguka moja moja kama misumari kwenye bati. Ni kitabu chembamba, kinakwisha kwa kikao kimoja. Nimeshachemsha maji haya mara ya pili.

Daktari kafika mlangoni. Daktari kafa.

Sasa ndipo alipokuwa anaanza kutazama dari. Ndipo fundi umeme alipokuwa anaingia. Nimesimama.

Hakuingia! Anasoma kabati. Anasoma mkono wa Kidole nyuma ya kabati. "Yalikuwa magongo. Mapya. Yana unga wa mbao." Kayasoma! Kisha kayarudia.

Umebaki ukurasa mmoja. Mistari mitatu. Mchoyo, leo ndiyo mara ya kwanza nakulaani kwa uchoyo wako — ungeandika hata sura moja ya mapazia, mtu apate kupumua!

Kaka kaacha kusoma. Birika limeanza kupiga mluzi, nimelizima.

Nimesogea mlangoni na daftari langu.

Baba kasema kitu. Polepole, lakini nimekisikia vizuri, sijakisikia tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba. Kasema, "Fungua, mwanangu."

Nasikiliza. Karatasi haijageuka.